Mshale wa pili: meditesheni, yoga na mtu mwenye sonona

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongelee meditesheni, yoga na mazoea mengine yaliyotoka kwenye dini za Mashariki, Ubudha na Uhindu hasa, na kama kweli yanamsaidia mtu mwenye sonona, au depresheni kama wengi tunavyoiita. Jibu langu ni kwamba yanasaidia, ila sio kwa namna ambayo watu wanadhani, na mara nyingi sio kwa wakati ule ambao watu wanayakimbilia. Hapo ndo nataka tukae leo.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Huzuni ya kawaida inakuja na kuondoka, umefiwa, umeachwa, umefukuzwa kazi, unalia leo na kesho unaweza kucheka kidogo mtu akikuchekesha. Sonona inakaa, wiki mbili na kuendelea, karibu kila siku na karibu kutwa nzima, mtu hana hamu na chochote hata vile vitu alivyokuwa anavipenda, usingizi umevurugika au analala mno, chakula hakina ladha, mwili mzito, kichwa hakishiki kitu, na ndani yake kuna sauti inamwambia wewe hufai. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 300 wanaishi na hali hii. Sio uvivu, sio upungufu wa imani, na wala sio kujiendekeza. Ni ugonjwa, una dawa zake na una tiba ya maongezi, na hakuna neno nitakalosema leo linaloondoa hayo mawili.

Sasa ukikaa na mtu mwenye sonona ukamsikiliza, msikilize kweli bila kumkatiza, utaona kuna vitu viwili vinamuumiza. Kuna ile hali yenyewe, uzito, utupu, uchovu usioisha. Alafu kuna kitu cha pili juu yake, kule kuicheua hali yenyewe asubuhi mpaka usiku, kwa nini niko hivi, nimekosea wapi, mbona wenzangu wanaamka wanaenda kazini mimi siwezi hata kuoga, nitakuwa hivi mpaka lini, nawachosha watu wa nyumbani, bora hata nisingekuwepo. Akili inadhani inatafuta ufumbuzi, yaani inaamini kabisa kwamba ikiwaza zaidi itapata jibu, kumbe kila mzunguko unamshusha chini zaidi. Wanasaikolojia wameliona hili na wamelifanyia utafiti miaka mingi, mtu anayecheua huzuni yake inamkaa muda mrefu zaidi na inamrudia kirahisi zaidi.

Kwenye maandiko ya kale ya Wabudha, yale ya lugha ya Kipali, kuna fundisho linaloitwa Sallatha Sutta. Budha anauliza wanafunzi wake, mtu wa kawaida na mtu aliyefundishwa wote wanapata maumivu, sasa tofauti yao ni nini? Anawajibu mwenyewe kwamba mtu wa kawaida akipigwa na maumivu ya mwili anahuzunika, analia, anajipiga kifua, kwahiyo ni kama mtu aliyechomwa mshale na papo hapo akachomwa mshale wa pili. Yule aliyefundishwa anachomwa mmoja tu. Hapo naomba muwe makini, maana hakusema aliyefundishwa hachomwi kabisa. Mshale wa kwanza upo, unauma, Budha hakuahidi kuuondoa. Kazi yote ya kukaa kimya, kufuata pumzi, kuangalia mawazo yanavyopita, ni kuhusu ule wa pili.

Kwahiyo mtu akikuambia fanya meditesheni utakuwa na furaha, huyo anakuuzia kitu ambacho wenye mali hawakukiuza.

Wahindu nao wana jambo ambalo mimi binafsi naliona la ajabu. Bhagavad Gita, kitabu ambacho Wahindu mamilioni wanakisoma kila siku, kinaanza na mtu aliyevunjika moyo. Arjuna, mpiga upinde hodari kuliko wote, yuko katikati ya uwanja wa vita wa Kurukshetra, anatazama upande wa pili anawaona babu zake, walimu wake, ndugu zake. Na maandiko hayasemi tu alihuzunika, yanaeleza mwili wake: mdomo umekauka, viungo vimelegea, anatetemeka, nywele zimesimama, ngozi inamuwaka, upinde wake unaponyoka mkononi, hawezi kusimama, kichwa kinamzunguka. Anakaa chini kwenye gari lake la vita. Sura nzima ya kwanza imeitwa kwa huzuni yake hiyo.

Alafu angalia Krishna anafanya nini, huyu ndo anamwendeshea lile gari, na kwa Wahindu ni Mungu. Mwanzoni kabisa mwa sura ya pili anamkemea, anamwambia aache udhaifu usiomfaa na ainuke. Yaani anampa lile neno tunalowapa wagonjwa wote, jikaze. Na halikufanya kazi! Arjuna anaeleza tena maumivu yake, anasema sitapigana, alafu ananyamaza. Kuanzia hapo Krishna anabadilika, anaanza kuongea naye kwa utaratibu, sura baada ya sura mpaka ya 18, anamuuliza, anamjibu, Arjuna anabisha, anamjibu tena. Najua Wahindu wanasoma humo mambo makubwa zaidi ya haya, kuhusu nafsi na wajibu na Mungu, sitaki kuyapunguza. Lakini kwa mtu anayemuuguza mwenye sonona nyumbani, hiyo peke yake inatosha kumfundisha kitu, kwamba karipio lilichukua maneno machache na likashindwa, na kilichomuinua Arjuna ni kukaa naye na kuongea kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye kukaa kwenyewe, maana watu wengi wanaogopa au wanadhani ni kuondoa mawazo yote kichwani. Sio hivo. Unakaa, kwenye kiti ni sawa tu, mgongo umenyooka bila kukakamaa, unafuata pumzi. Wengine wanafundisha uisikie puani, pale inapoingia na kaubaridi na kutoka na uvuguvugu. Mahasi Sayadaw, mtawa maarufu wa Burma, alifundisha kuangalia tumbo, linapanda, linashuka. Unaangalia pumzi tatu, nne, ya tano haupo tena. Uko kwenye ile meseji uliyotuma ukanyamaziwa, umeshaanza kumjibu mtu kichwani, umeshafika mwaka ujao ukiwa peke yako, kifua kimebana na taya zimekaza na hujui hata ulivyofika huko. Alafu ghafla unashtuka, aah, nimeondoka. Watu wengi wanakata tamaa hapo, wanasema mimi siwezi, akili yangu haitulii. Kumbe ule mshtuko ndo zoezi lenyewe! Mahasi alifundisha lile wazo ulitaje tu moyoni, kuwaza, kuwaza, bila kugombana nalo, alafu urudi tumboni. Ukiondoka tena unataja tena, unarudi tena, bila kuhesabu makosa.

Kinachojengeka polepole ni uwezo wa kuona wazo kama wazo. Mimi sifai ni sentensi iliyopita kichwani, sio hukumu ya mahakama. Haina tofauti na redio ya jirani, huwezi kuizima na unaisikia vizuri tu, ila hulazimiki kuitikia kila inachosema. Kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa sonona hili linaweza kuonekana jambo dogo. Kwa aliyeumwa ni jambo kubwa sana, maana ndani ya sonona ile sauti inasikika kama ukweli mtupu.

Na hapa ndo sayansi ilipoingilia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa baiolojia ya molekuli aliyekuwa amejifunza Zen, tawi la Ubudha la Japani, na vipassana, meditesheni ya Kibudha ya kuangalia mwili na akili vilivyo, alianzisha programu kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu sugu na msongo ambao madaktari walikuwa wameshindwa kuwasaidia zaidi. Akatoa lugha ya kidini akabakiza mazoezi. Baadaye wanasaikolojia watatu, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, walikuwa wanatafuta njia ya kuzuia sonona isirudi, maana huo ndo ubaya wake mkubwa, mtu anapona alafu inamrudia, na kila inaporudi inakuwa rahisi zaidi kurudi tena. Wakaenda kujifunza kwa Kabat-Zinn, wakachanganya na tiba yao ya maongezi. Kipindi cha kwanza cha darasa lao mtu anapewa zabibu kavu moja. Anaiangalia, anaigeuza, anasikia mikunjo yake vidoleni, anainusa, anaiweka mdomoni bila kutafuna, alafu anatafuna mara moja tu na kusikiliza. Inachukua dakika kadhaa. Na mtu ambaye siku nyingi hajasikia ladha ya kitu anagundua ni muda gani amekuwa anakula akili yake ikiwa mbali.

Utafiti wao uliotoka mwaka 2000 ulikuwa na watu 145 waliokuwa wamepona. Kati ya wale waliokuwa wameshaugua mara tatu au zaidi, waliobaki na matibabu ya kawaida asilimia 66 sonona iliwarudia ndani ya kama mwaka mmoja, na waliopitia lile darasa ikawarudia asilimia 37. Hiyo ni tofauti kubwa mno. Lakini wale walioumwa mara mbili tu hawakuonekana kufaidika. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwa aliyeumwa mara nyingi, huzuni ndogo tu ya siku moja inawasha ile mashine ya kucheua inayojiendesha yenyewe, na mashine hiyo ndo meditesheni inayoishika. Mwaka 2004 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ikalipendekeza darasa hilo kwa watu walioumwa mara tatu au zaidi. Mwaka 2015 ukatoka utafiti mwingine kwenye jarida la kitabibu la Lancet, watu 424, wakafuatiliwa miezi 24, nusu wakiendelea na vidonge na nusu wakipewa darasa pamoja na msaada wa kupunguza vidonge. Sonona ikawarudia asilimia 44 wa darasa na 47 wa vidonge, yaani karibu sawa kwa sawa. Darasa halikuvishinda vidonge, ila lilionekana ni njia ya kweli kwa mtu ambaye hataki kunywa dawa miaka na miaka, akisimamiwa na daktari.

Mmeona lakini hao watu walikuwa katika hali gani? Walikuwa wamepona. Walijifunza kukaa na pumzi wakiwa wameshatoka shimoni, ili siku ukungu ukianza kurudi wautambue mapema. Na sisi tunafanya nini, tunamchukua mtu aliye chini kabisa, hajaoga, hajala, tunamwambia kaa peke yako chumbani, fumba macho, angalia akili yako. Akili gani? Ile ile inayomtukana toka alfajiri? Mtu wa hivo ukimfungia na mawazo yake dakika 40 unaweza ukamzidishia, na alafu akishindwa anapata kosa jingine la kujilaumia, hata kukaa tu nimeshindwa.

Kwa aliye shimoni mimi naanza na mwili. Na mila hizi zenyewe zina utajiri huo, ni sisi tu tumeshika picha moja ya mtu kakunja miguu kafumba macho. Wazen wakitoka kwenye kukaa wanasimama wanatembea taratibu kwa mstari, hatua na pumzi, na ni sehemu ya ibada, na kufagia, kupika na kulima vilevile. Kwenye yoga ya Patanjali, mwalimu wa kale wa India, mikao ya mwili ni kiungo kimoja kati ya vinane na kinatangulia, kabla ya kazi ya pumzi na kabla ya kukaza akili. Tafiti za yoga kwa wenye sonona nyingi ni ndogo, ila kwa ujumla zinaonyesha inapunguza dalili. Sihitaji mtu akunjike kama yule wa kwenye picha. Anyooshe mikono juu akivuta pumzi, aishushe akitoa, mara kadhaa, akiwa amekaa kitandani. Akiweza kusimama asimame. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo yanatulia, hiyo ni kazi ya neva na haihitaji uwe unaamini kitu.

Japani alikuwepo daktari wa akili, Shoma Morita, aliyezaliwa 1874 na kufariki 1938, fikra zake zina ukaribu mkubwa na Zen. Wagonjwa wake walikuwa hasa watu wa wasiwasi mkali, sio sonona peke yake, lakini njia yake inatufaa. Mgonjwa alianza kwa kulala kitandani kama wiki, bila kusoma, bila maongezi, hakuna cha kumpotezea mawazo. Mwanzoni akili inachachamaa, baadaye inachoka yenyewe, na mgonjwa anaanza kutamani kufanya kitu, chochote. Hapo anapewa kazi nyepesi za nje, kuokota majani, kuangalia mimea, baadaye kazi nzito zaidi, mwisho anarudi kwenye maisha yake. Morita hakumwambia kwanza ujisikie vizuri ndo ufanye. Alisema hisia ziache zilivyo, haziko chini ya amri yako, miguu na mikono ndo iko chini ya amri yako, kwahiyo fua nguo ukiwa na huzuni yako. Hicho kitanda sishauri mtu akijaribie nyumbani, hasa mwenye sonona, kule kulikuwa na daktari. Nachukua hilo la mwisho tu, fua ukiwa na huzuni yako. Na hata hilo kwa mtu aliye chini sana linakuwa ni kuosha kikombe kimoja, na kikombe kimoja kinatosha kwa siku hiyo.

Kuna zoezi jingine naliheshimu sana, metta, la kutakia heri. Unakaa unajiambia taratibu niwe salama, niwe na amani, nisiteseke, alafu unamtakia mtu unayempenda, alafu mtu usiyemjua vizuri, alafu hata mgomvi wako, alafu viumbe wote. Kimapokeo unaanza na nafsi yako. Sasa mwenye sonona akijiambia niwe na amani moyo unakataa kabisa, anasikia uongo, wengine wanalia. Basi anza na mwingine, mtoto wa ndugu yako, bibi yako aliyekulea, mtu ambaye ukimfikiria tu uso unalegea, baki hapo siku nyingi tu, wewe mwenyewe utajiingiza baadaye. Kinyume chake kuna Naikan, ya Japani pia, ambapo unajiuliza nimepokea nini kwa fulani, nimempa nini, nimemsumbua vipi. Ni zoezi zuri kwa mtu mwenye afya. Kwa mtu ambaye tayari anaamini yeye ni mzigo, lile swali la tatu ni petroli, aliache.

Kitu kingine tunachokisahau, hawa watu hawakufanya haya peke yao na simu masikioni. Mbudha anakimbilia vitu vitatu, Budha, mafundisho, na jumuiya. Jumuiya iko humo humo kwenye msingi. Kuna kisa cha Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto akawa anazunguka na maiti anaomba dawa. Budha akamwambia niletee mbegu ya haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Akagonga mlango mmoja, wa pili, wa tatu, mbegu zipo kila nyumba lakini kila nyumba imezika. Watu wanakisoma kama fundisho kwamba kifo ni cha wote, ni kweli. Mimi naona pia kwamba Budha hakumhubiria, alimtuma milangoni kwa watu, na kila mlango alikutana na mtu anayejua kinachomuuma. Mfiwa si lazima awe na sonona, hayo ni mambo mawili, lakini upweke unawaua wote wawili.

Na kwenye amri tano za Mbudha wa kawaida, ya tano ni kujiepusha na vilevi vinavyopoteza akili. Naitaja kwa makusudi, maana wengi wetu dawa yetu ya kwanza ya sonona ni chupa, na pombe inaishusha akili chini zaidi kesho yake. Mtu anaweza akafanya yoga asubuhi, akanywa usiku, alafu akashangaa mbona haisaidii.

Kuhusu hatari niwe muwazi. Hakuin, mtawa mkubwa wa Zen aliyezaliwa 1686, alipokuwa kijana alikaa kwa bidii kupita kiasi mpaka akaugua, kichwa kinawaka, miguu baridi, masikio yanavuma, anaogopa kila kitu. Akaenda kwa mzee mmoja wa milimani aliyemfundisha kushusha fikra mwilini, awaze kama siagi laini inayeyuka utosini inateremka mabegani, kifuani, mpaka nyayoni. Yaani wenyewe wanajua toka zamani kwamba meditesheni inaweza kumdhuru mtu. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani, Jared Lindahl na Willoughby Britton, walichapisha maelezo ya watu waliopata hofu kali, kukosa usingizi, au kujisikia kama wametengana na miili yao. Kwahiyo zile kambi za meditesheni za siku kumi za ukimya, kwa mtu mwenye sonona kali au aliyewahi kuona na kusikia visivyokuwepo, hapana. Mwambie ukweli mwalimu kuhusu ugonjwa wako, na vidonge usiviache ghafla kwa sababu umejisikia vizuri wiki mbili, kupunguza ni kazi ya daktari.

Najua wengine mnajiuliza, mimi nina dini yangu, nikikaa hivi si nimeabudu miungu ya watu? Swali la haki kabisa. S. N. Goenka, aliyeanza kufundisha vipassana India mwaka 1969, alipokea watu wa dini zote na hakumtaka mtu abadili dini. Kufuata pumzi sio sala kwa yeyote. Kuinamia sanamu, kuimba jina la mungu fulani, kula kiapo cha kukimbilia kwa Budha, hayo ni ibada, na kama si imani yako usiyafanye, na usiwaigize wenye nayo kama mchezo. Chukua pumzi, sema asante, na ujue umeichukua kwa nani.

Anayetaka kuanza na yuko sawasawa kiasi, dakika tano kwa siku zinatosha, saa ile ile, ikiwezekana na mwenzake. Aliye chini, mwili kwanza, nje kwenye mwanga kama anaweza, na hospitali. Na kama kuna mtu humu ndani au atakayesoma hii baadaye, ambaye ile sauti imeshaanza kumuambia ajiue, wewe usikae kimya na pumzi yako leo. Mwambie mtu sasa hivi, kwa maneno hayo hayo, nataka kujiua, na uende kwa daktari ukiwa na huyo mtu. Mimi nitakuwepo hapa mpaka ukumbi ufungwe, anayetaka kuongea pembeni anifuate. Tuchukue maswali.